Msumeno wa mashindano usiingizwe msituni

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua za wasomaji nizungumze na mafundi wenzangu wa misumeno ya mnyororo, hasa vijana wa Mafinga, Njombe na kwingineko tunakoishi kwa mbao za misindano, kuhusu jambo ambalo nimeliona likikua tangu simu za mkononi zilipoanza kutuletea picha za mashindano ya Marekani na Ulaya. Siku hizi mteja anaingia karakanani akiwa na simu mkononi, ananionyesha mtu akikata visahani vitatu vya gogo kwa kufumba na kufumbua, kisha ananiuliza kama naweza kuufungua msumeno wake ukate hivyo. Mimi humjibu kwamba sifanyi kazi hiyo kwa msumeno wa msituni. Akitoka kwangu hupata fundi mwingine anayekubali, na hiyo ndiyo sababu ya barua hii.

Kwanza niseme wazi kwamba siyapingi mashindano hayo, kwa kuwa nayafuatilia kwa mapenzi makubwa. Kule Hayward, katika jimbo la Wisconsin nchini Marekani, mashindano ya dunia ya wakata miti yalianza mwaka 1960, na mwaka 1985 kampuni ya Stihl ya Ujerumani ilianzisha mfululizo wake wa Timbersports, ambao leo unashindaniwa pia Ulaya, Australia na New Zealand. Mfululizo huo una michezo sita: mitatu ya shoka, mmoja wa msumeno wa mkono, na miwili ya msumeno wa injini. Katika mmoja wa hiyo miwili, washindani wote hutumia msumeno wa aina moja, ule ule unaouzwa dukani, kwa hiyo anayeshinda ameshinda kwa mikono yake. Mwingine ndio unaowapagawisha vijana wetu. Gogo lina kipenyo cha sentimita 46, na limechorwa mstari sentimita 15 kutoka ukingoni. Mshindani anasimama, mikono yote miwili ikiwa juu ya gogo na msumeno ukiwa umezimwa miguuni pake. Ishara ikitolewa anavuta kamba, anakata kisahani cha kwanza kwa kushuka, cha pili kwa kupanda, cha tatu kwa kushuka. Visahani vyote vitatu sharti vitoke ndani ya hizo sentimita 15, na kila kimoja kiwe duara kamili. Walio hodari humaliza kabla ya sekunde ya saba.

Kinachofanya kazi hapo ni injini ya silinda moja iliyotolewa kwenye pikipiki ya mashindano, au kwenye chombo cha kusafiria juu ya theluji, au kwenye chombo cha mbio za majini, ikaundiwa mpini, klachi na bao la kuongozea mnyororo. Waandaaji wenyewe wanasema mashine hizo hufikia nguvu za farasi 80, uzito wa kilo 27, na mnyororo unaokimbia kilomita 240 kwa saa. Linganisha na MS 661 wa Stihl, ambao ni miongoni mwa misumeno mikubwa ya kazi: nguvu za farasi zipatazo saba, na uzito wa kilo saba na ushei bila bao wala mnyororo. Hakuna tupa wala jiwe la kusagia litakalouvusha msumeno wa pili ukawa wa kwanza, na fundi anayemwahidi mteja hivyo anamdanganya.

Hata hivyo ufundi uliomo ndani ya mashine hizo ni mkubwa na unastahili heshima, na mimi nauheshimu kuliko wengi wanaoushabikia. Injini hiyo ni ya mipigo miwili, haina valvu kama zile za injini ya gari. Ina matundu ukutani mwa silinda, na pistoni yenyewe ndiyo inayoyafungua na kuyafunga inapopanda na kushuka. Tundu la kutolea moshi likiinuliwa linafunguka mapema zaidi, hivyo injini inapata muda wa kupumua hata inapozunguka kwa kasi kubwa mno, lakini ile sehemu ya mpigo ambayo mlipuko ulikuwa ukiisukuma pistoni inafupishwa, mbano unapungua, na nguvu ya mzunguko wa chini inapotea. Kwa hiyo fundi wa mashindano haanzi kwa kusaga. Anafunga diski yenye alama za digrii kwenye krenki, yaani mhimili unaozungushwa na pistoni, anazungusha taratibu, anaandika digrii ambayo kila tundu linafunguka na kufungwa, anaondoa chembe ndogo ya chuma, kisha anapima upya. Nafasi kati ya pistoni na kichwa cha silinda anaipima kwa kuingiza waya laini wa lehemu kupitia tundu la plagi, ili pistoni iubane, halafu anapima unene uliobaki. Shabaha yake mara nyingi ni kama nusu milimita, na akikosea kidogo tu kuelekea chini, pistoni itagonga kichwa.

Ekzosi nayo ni elimu ya peke yake. Lile bomba pana katikati na jembamba pande mbili, ambalo wengi wanadhani ni la kuongeza kelele, hufanya kazi kwa mawimbi ya mgandamizo: wimbi linapoingia kwenye sehemu inayopanuka hurudisha mvuto unaosaidia kufyonza moshi, na linapofika kwenye sehemu inayofinyika hurudi likiisukuma ndani ya silinda hewa na mafuta yaliyokuwa yakitoroka. Urefu wa bomba huamua kasi ya mzunguko ambayo wimbi litarudi kwa wakati wake. Aliyeikomaza elimu hiyo ni mhandisi Walter Kaaden wa kiwanda cha MZ, Ujerumani Mashariki, ambaye kufikia mwaka 1961 alikuwa akipata nguvu za farasi zipatazo 25 kutoka injini ya pikipiki ya sentimita za ujazo 125. Mwaka huo huo dereva wake, Ernst Degner, alitoroka wakati wa mashindano nchini Sweden akahamia Suzuki ya Japani, na mwaka 1962 akatwaa ubingwa wa dunia wa pikipiki ndogo kabisa. Elimu iliyovuka mpaka pamoja naye ndiyo hii inayounguruma leo juu ya magogo, na kijana anayekata bomba la maji na kulichomelea kwenye msumeno wa kazi bila kukokotoa urefu wake hajagusa hata ukingo wa elimu hiyo.

Wengi wa waundaji hao hutumia methanoli badala ya petroli, na hapa ndipo ninapoogopa zaidi. Methanoli huhitaji kabureta ipitishe mafuta zaidi ya maradufu kwa kiasi kile kile cha hewa, na inapogeuka mvuke hupoza injini vizuri sana, jambo linaloruhusu mbano mkubwa. Lakini ni sumu inayoweza kumpofusha mtu, hula sehemu za aluminiamu na mipira ya kabureta ikiachwa ndani, na moto wake hauonekani kwa urahisi mchana wa jua. Uwanjani pana watu walioandaliwa kwa hilo. Msituni Mufindi mwezi wa Septemba, nyasi zikiwa zimekauka na mtu wa pekee aliye karibu akiwa ndiye huyo mwenye msumeno, hapana.

Niendelee na mnyororo. Suruali za kinga za wakata miti hupangwa katika madaraja kulingana na kasi ya mnyororo zinayoweza kuizuia, yaani mita 16, 20, 24 na 28 kwa sekunde, na daraja la juu kabisa linaishia hapo kwenye 28. Msumeno wa kazi wenye gia ya meno saba na mnyororo wa kawaida wa inchi tatu kwa nane husogeza takribani sentimita 13 za mnyororo kwa kila mzunguko, kwa hiyo ukikata kwa mizunguko 10,000 kwa dakika unakimbia kama mita 22 kwa sekunde. Msumeno wa mashindano wa kilomita 240 kwa saa unakimbia mita 67. Kila fundi anayeongeza mizunguko, au anayebadilisha gia akaweka kubwa zaidi, anaisogeza kazi nje ya kinga iliyotengenezwa kwa ajili ya miguu ya binadamu. Na tukumbuke kwamba wapo vijana wengi katika vitalu vyetu wanaokata miti kwa suruali za kawaida na kandambili. Mnyororo wa mashindano, zaidi ya hayo, umenolewa kwa pembe kali na kupunguzwa chuma ili ukate gogo safi lililosawazishwa, tena kwa sekunde chache tu. Magogo yetu yameburutwa kwenye udongo.

Ninayasema haya kwa sababu nami niliwahi kukosea. Nilipokuwa bado kijana katika ufundi, mteja aliniletea msumeno wake akilalamika kwamba haukati kwa kasi, nami nikalipanua tundu la moshi kwa tupa, kwa macho tu, pasipo kupima chochote. Uliwaka vizuri, sauti ikawa kali, mteja akafurahi akanilipa. Siku ya tatu ringi ilitumbukia kwenye tundu nililolipanua kupita kiasi, ikavunjika, ikachana ukuta wa silinda, na msumeno ukazima ukiwa umenaswa ndani ya msindano uliokatwa zaidi ya nusu, upepo ukivuma. Waliokuwepo walikimbia, na mti ukaanguka upande ambao haukupangwa. Hakuna aliyeumia. Nililipa silinda, pistoni na wiki nzima ya kazi iliyopotea, na ningelipa mara kumi ya hizo kuliko kuikumbuka ile sura ya msaidizi wake aliyekuwa amesimama chini.

Ombi langu kwa VETA, kwa Chuo cha Viwanda vya Misitu cha Moshi na kwa wenye mashamba ya miti ni kwamba kiu hii ya vijana isizimwe kwa makaripio, bali ielekezwe kwenye vipimo. Wafundishwe kutumia diski ya digrii, kupima mbano, kusoma rangi ya plagi, na kujua kwa nini msumeno uliotobolewa sailensa bila kabureta kurekebishwa huunguza pistoni. Na kama tunataka mashindano, yapo ya aina nyingine yanayolingana na kazi yetu: katika michuano ya dunia ya wakataji wa misitu, washindani hupimwa kwa kuangusha mti kuelekea kwenye kigingi, kubadilisha mnyororo kwa haraka, kuondoa matawi, na kukata gogo lililolala juu ya ubao bila kuukwaruza ubao huo. Misumeno yao ni ya kazi. Naamini wapo vijana Mufindi wanaoweza kusimama katika uwanja huo.

Ile silinda niliyoiharibu ninayo hadi leo, imening'inia juu ya meza yangu ya kazi, na diski ya digrii iko kando yake. Fundi kijana anayetaka kuunda msumeno wa mashindano, kwa mashindano tu, aje nayo injini yake tuipime pamoja, sitamtoza chochote.

Fundi wa misumeno,
Mafinga, Iringa