Kipimo cha Mkononi Kimenyamaza, Lakini Uyoga Bado Haujapimwa

Hapa tunapopima mionzi katika chakula, swali tunaloulizwa zaidi na waokota uyoga ni hili: "Nimepitisha kipimo cha mionzi cha mkononi juu ya kikapu, hakikulia. Si basi niko salama?" Tunawaelewa, maana kifaa kimenunuliwa na namba kinatoa. Ila kinachosomwa pale ni mionzi ya mahali uliposimama, ile inayotoka ardhini na angani kila siku. Kilo ya uyoga yenye bekereli 1,000 (bekereli ni kipimo cha wingi wa mionzi) za seziamu, hasa seziamu-137, metali yenye mionzi inayotawanywa na ajali za nyuklia, inaweza kukaa chini yake na mlio usibadilike, ilhali Ujerumani hairuhusu uyoga wala nyama ya porini kuuzwa ikizidi bekereli 600 kwa kilo. Japani, tangu Aprili 2012, mwaka mmoja baada ya ajali ya kituo cha nyuklia cha Fukushima, kikomo cha vyakula vya kawaida ni 100 tu.

Msitu hututia wasiwasi kuliko shamba. Shambani udongo hulimwa, hutiwa mbolea ya potasiamu, na udongo wa mfinyanzi huishika seziamu-137 isipande kwenye mmea. Msituni jani huanguka na kuoza, nyuzi za uyoga hunyonya seziamu kwa kuwa inafanana na potasiamu, mti nao huchukua sehemu yake, kisha jani huanguka tena. Seziamu haitoki. Husubiri muda tu, na kila miaka 30 hivi hupungua nusu. Ile iliyoshuka na mvua kusini mwa Ujerumani baada ya ajali ya kituo cha nyuklia cha Chernobyl, Aprili 1986, bado ipo, tena kwa mabaka: bonde moja limepata nyingi, la jirani kidogo.

Nguruwe mwitu ndiye mfano tunaoutaja kila mara. Chakula kikiadimika majira ya baridi, huchimba fangasi waotao chini ya ardhi, na fangasi hao hukusanya seziamu kwa wingi. Ndiyo maana nyama ya paa wa msitu uleule inaweza kupita kipimo na ya nguruwe ikakataliwa. Wawindaji, tafadhali msituletee mnyama mmoja mkahesabu wote wamepimwa.

Sampuli ikifika tunaisafisha kwanza, kwa sababu punje ya udongo iliyoganda kwenye shina huharibu jibu. Tunaikatakata, tunajaza kikopo hadi kwenye mstari, tunapima uzito, kisha kinaingia ndani ya kasha nene la madini ya risasi linalozuia mionzi ya nje. Kwenye skrini mchoro hujengeka polepole. Seziamu-137 huinua kilele chake kwenye 662 (keV, kipimo cha nishati ya mionzi). Kile cha mbali, kwenye 1,461, ni potasiamu ya asili iliyomo katika kila chakula, na hiyo hatuihesabu kama uchafuzi. Tusipoona kilele cha seziamu hatuandiki sifuri, tunaandika "chini ya" kiwango ambacho mashine iliweza kukiona.

Tuambie kama uyoga ni mbichi au mkavu. Ukikauka maji hutoka, seziamu hubaki, na namba kwa kilo hupanda mara kadhaa bila uchafuzi kuongezeka. Kuuchemsha na kumwaga maji hupunguza seziamu. Kuukaanga hakusaidii, kwani hakuna maji ya kumwaga.

Lete nusu kilo ya aina moja, usichanganye. Andika juu ya mfuko jina la uyoga, tarehe, na sehemu ya msitu ulikouchuma.