Kwa mpwa wangu aliyesomea ualimu wa awali na bado hajapata kazi

Mpwa wangu mpendwa,

Tangu siku ile majina ya waliopangiwa vituo vya kazi yalipotoka na lako halikuwamo, maneno uliyoniambia kwenye simu hayajanitoka moyoni. Ulisema kwamba miaka yako ya stashahada imekwenda bure, kwamba mwajiri wa mwalimu wa chekechea ni mmoja tu, yaani Serikali, na kwamba sasa huna la kufanya zaidi ya kumsaidia mama yako dukani hapo Muheza hadi tangazo jingine litoke. Nilikuwa safarini, nikakujibu kwa ufupi usiokustahili. Leo nakujibu kwa kirefu, na nimeamua kuiweka barua hii hadharani kwa sababu wapo vijana wengi wenye cheti kama chako wanaosubiri kama unavyosubiri wewe.

Serikalini usiache kuomba. Siku hizi walimu nao hufanyiwa usaili na Sekretarieti ya Ajira, kwa hiyo endelea kuusoma mtaala ulioboreshwa ulioanza kutumika Januari 2024, nawe uujue kwa kina na si kwa kukariri. Ninachokuomba ni kwamba usikae bure katika kipindi hiki cha kusubiri, kwa kuwa taaluma uliyoichagua ni pana kuliko ulivyoelezwa chuoni.

Uliniambia umetafuta nafasi za mashirika mtandaoni na hukuona hata moja. Nilipokuuliza ulitafuta kwa maneno gani, ukasema "mwalimu wa awali". Hapo ndipo tatizo lilipo. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani, UNICEF na Benki ya Dunia walitoa mwongozo unaoyagawa malezi ya mtoto mdogo katika mambo 5: afya bora, lishe ya kutosha, malezi yenye mwitikio (yaani mlezi kuziona ishara za mtoto na kuzijibu), ulinzi na usalama, na fursa za kujifunza mapema. Desemba 2021 nchi yetu ikazindua programu yake ya taifa juu ya msingi huo, ile tuifupishayo PJT-MMMAM, yaani Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, inayomhusu mtoto tangu kuzaliwa hadi miaka 8 na kuzihusisha wizara kadhaa kwa pamoja. Mashirika mengi yanayofanya kazi na watoto wadogo yameipanga miradi yao kwa kufuata mambo hayo 5, na kwa sababu hiyo nafasi inayokufaa inaweza kutangazwa kama afisa mradi wa MMMAM, mwezeshaji wa jamii, mkufunzi wa walezi, afisa ufuatiliaji na tathmini, au mwandaaji wa zana za kujifunzia. Neno mwalimu halimo katika majina hayo, lakini kazi yenyewe inamhitaji mtu anayejua mtoto wa miaka 4 hujifunzaje.

Mashirika yenyewe si machache. Lipo TECDEN, mtandao unaoyaunganisha mashirika ya malezi na makuzi ya awali nchini, na ningekushauri uanzie hapo kwa kuwa kwa kuwajua wanachama wake utajua nani anafanya nini katika mkoa wako. Wapo Children in Crossfire, Save the Children, Plan International, World Vision na SOS. Upo mpango wa Shule Bora unaofadhiliwa na Uingereza, ambao mkoa wenu wa Tanga ni mmoja wa mikoa yake 9. Dar es Salaam wapo Ubongo, wanaotengeneza vipindi vya katuni vya kufundishia watoto kwa Kiswahili. Kazi kama hiyo inahitaji watu wa kutunga visa na wa kwenda kukaa na watoto ili kuona kama somo limeeleweka, nami sijasahau jinsi ulivyokuwa ukiwatungia wadogo zako hadithi za sungura usiku umeme ukikatika.

Ila kuna mpango mmoja, ule wa Madrasa wa shule za awali, ambao nataka uujue kwa undani, kwa sababu unakufundisha namna ya kulipima shirika lolote. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, viongozi wa Kiislamu wa pwani ya Kenya waliona kwamba watoto wao wanabaki nyuma shuleni, wakamwomba msaada Aga Khan, kiongozi wa Waislamu wa Ismailia. Baada ya kulichunguza suala hilo, jibu lililopatikana lilikuwa kuanza na mtoto kabla hajaingia darasa la kwanza, na shule ya kwanza ya mpango huo ikafunguliwa Mombasa mwaka 1986. Mwaka 1990 ukafika Zanzibar, na mwaka 1993 ukaingia Uganda. Jamii yenyewe ilitoa mahali, ikachagua kamati, ikachagua na wanawake wa mtaani wa kufundisha, wengi wao wakiwa hawakusoma sana. Wakafunzwa, wakatengeneza zana kwa vifuu, makuti na magamba ya pwani, na mafunzo ya dini na mila za watu yakaenda pamoja na njia za kisasa za kumwacha mtoto ajifunze kwa kutenda. Miaka imepita, na mpango huo ungali hai kwa sababu jamii iliuona kuwa ni wake tangu siku ya kwanza. Kwa hiyo, ukiitwa kwenye usaili wa shirika lolote, waulize kwa heshima: shule au kituo hiki kitaendeshwa na nani mradi ukiisha? Jibu lao litakueleza mengi kuliko kiwango cha mshahara.

Swali hilo nimelijifunza kwa machungu. Niliwahi kufanya kazi katika shirika moja ambalo tuliahidiwa miaka mitatu, na katika mwezi wa kumi na moja tukaitwa ukumbini, tukaelezwa kwamba mfadhili amebadili vipaumbele. Tulikuwa tumeshafungua kona za kujifunzia katika vijiji kadhaa. Nilipopita mojawapo mwaka uliofuata, nikakuta chumba kimegeuzwa ghala la alizeti na mikeka ya watoto imetandikwa chini ya magunia. Mwaka 2025, Serikali ya Marekani ilipositisha sehemu kubwa ya misaada yake na kulifunga shirika lake la USAID, wenzangu wengi walipoteza kazi kwa barua pepe ya aya mbili. Sikuelezi haya ili uogope. Nakueleza ili ukipata mkataba wa mradi uusome tarehe ya mwisho kabla ya kuusoma mshahara, uweke akiba tangu mwezi wa kwanza, na usikope benki kwa kutegemea kwamba utaongezewa muda.

Sasa nikuambie jinsi mimi mwenyewe nilivyoingia, maana hujawahi kuniuliza na mimi sijawahi kukusimulia. Nilifundisha darasa la awali Singida vijijini kwa miaka sita. Mwaka mmoja nilikuwa na watoto 94 katika chumba kimoja, na miongoni mwao alikuwamo mvulana wa miaka minne ambaye kwa wiki tatu hakutamka neno. Nilidhani ana tatizo la kusikia. Nikamfuata bibi yake nyumbani, akanishangaa: mtoto alikuwa akiongea kutwa, ila alikuwa anajua Kinyaturu tu, nami nilikuwa nikimsemesha Kiswahili mfululizo. Nikamwomba bibi anifundishe kuhesabu hadi kumi kwa Kinyaturu. Kesho yake nikamwaga vizibo vya soda mkekani, nikaanza kuhesabu kwa matamshi mabovu kabisa, na mtoto yule akanisahihisha kwa sauti ambayo darasa zima lilikuwa halijaisikia. Baada ya hapo tulikwenda naye kwa lugha mbili hadi Kiswahili kikamkaa.

Miaka michache baadaye niliomba nafasi ya mwezeshaji katika shirika moja. Tulikuwa waombaji wengi, baadhi wakiwa na shahada, na mimi nikiwa na astashahada yangu. Wasaili waliniuliza: mtoto asiyezungumza darasani hadi wiki ya tatu, utamfanyia nini? Niliwasimulia habari ya vizibo. Nilikuja kuambiwa baadaye kwamba waombaji wengine waliwatajia nadharia, na nadharia zao zilikuwa sahihi, lakini kazi ile ilikuwa ya kukaa na walimu wa vijijini na kuwasaidia, na mtu wa kazi hiyo lazima awe ameshakwama mwenyewe darasani akajikwamua.

Ndiyo maana nakusihi, kabla ya kuwaza ofisi, tafuta watoto. Hapo Muheza na hata Tanga mjini, tafuta vituo vya kulelea watoto wadogo mchana. Vituo hivyo husajiliwa chini ya Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, na Afisa Ustawi wa Jamii wa halmashauri yenu anavijua vyote. Nenda ofisini kwake, mwamkie, jitambulishe, mwonyeshe vyeti vyako, umwombe akuelekeze kwenye kituo chenye mwendeshaji makini. Malipo yatakuwa madogo. Yakubali, lakini kwa makubaliano ya maandishi yanayotaja saa za kazi na muda, tuseme miezi 6, kwa sababu nimewaona vijana wazuri wakiitwa wa kujitolea hadi mwaka wa tatu huku wakifanya kazi zote za mwajiriwa. Kujitolea kwa namna hiyo ni kunyonywa, na mtu anayekufanyia hivyo hana uchungu na watoto pia.

Ukiwa kituoni, weka daftari. Kila jioni andika jambo moja ulilomwona mtoto akilifanya, ulilojaribu, na lililotokea. Piga picha za zana ulizotengeneza, si za sura za watoto, kwa sababu mashirika haya yote yana sera za kumlinda mtoto na picha uliyopiga bila ridhaa ya mzazi inaweza kukukosesha kazi. Ukifika wakati wa kuandaa wasifu wako, usiandike tu kwamba una bidii na unaweza kufanya kazi chini ya shinikizo. Andika ulikuwa na watoto wangapi, wa umri gani, ulibadili nini, na wazazi walishiriki vipi. Na Kiingereza chako ukinoe, hasa cha kuandika taarifa, maana ripoti nyingi huenda kwa wafadhili kwa lugha hiyo, na walimu wengi wazuri hubaki palepale kwa sababu ya jambo hilo peke yake.

Jihadhari na matapeli. Shirika halali halikutozi fedha ya fomu wala ya usaili. Ukipata ujumbe wa namna hiyo, usitume hata shilingi.

Uliniuliza pia kuhusu Kenya, kwa kuwa Mombasa si mbali nanyi. Kule Katiba ya mwaka 2010 iliikabidhi elimu ya awali kwa serikali za kaunti, kwa hiyo walimu wengi huajiriwa na kaunti, na kwa mgeni mlango huo ni mwembamba. Hata hivyo lifuatilie shirika la Kidogo lililoanzia Nairobi, ambalo huwafunza wanawake wanaoendesha vituo vidogo vya kulea watoto katika makazi duni na kuwaunganisha chini ya jina moja. Sikutumi uende huko. Nakutaka ujifunze jinsi wanavyofanya, kwa sababu wazo lako la siku nyingi la kufungua kituo karibu na soko, ili mama zetu wauza mboga wasiwalaze watoto chini ya meza, linafanana sana na hilo, na siku moja huenda wewe ndiwe utakayekuwa unawatafuta walimu.

Wiki ya kwanza ya mwezi ujao nitakuwa Tanga kwa kazi ya siku nne. Nitapita nyumbani Jumamosi. Mwambie mama yako akuruhusu siku hiyo usikae dukani, uniandalie wasifu wako kama ulivyo sasa, usiurekebishe kwanza, na kabla sijafika uwe umeshakwenda kwa Afisa Ustawi wa Jamii. Tutakwenda pamoja kukiona kituo atakachokuelekeza.

Mjomba wako