Heri ya Krismasi kwenu mnaorudi nyumbani

Ndugu zangu, heri ya Krismasi.

Juma hili stendi zimefurika. Watoto wamelala juu ya mabegi, na kila mtu anataka kufika kwao kabla ya mkesha. Hata Yusufu na Mariamu walikuwa njiani, wakienda kuandikwa katika mji wa ukoo wao. Waigbo wa mashariki mwa Nigeria nao hurudi vijijini kwa wingi msimu huu. Sikukuu yenyewe wanaiita Ekeresimesi, na ndio wakati wa harusi, vikao vya ukoo na mmanwu, yaani wachezaji waliovaa vinyago, kutoka kucheza.

Nawataja Waigbo kwa sababu Injili nayo ililetwa kwao na mtu aliyekuwa anarudi nyumbani. Kasisi John Christopher Taylor alizaliwa Sierra Leone na wazazi Waigbo waliouzwa utumwani, kisha wakakombolewa. Julai 1857 alishuka Onitsha, ukingoni mwa mto Niger, kutoka meli ya Dayspring. Alikuwa pamoja na Samuel Ajayi Crowther, kasisi Myoruba aliyetekwa utumwani angali kijana mwaka 1821, kisha akakombolewa. Mfalme wa mji, Obi Akazua, akawapokea. Crowther akaendelea na safari ya mto, Taylor akabaki. Nchi ambayo wazazi wake walitolewa kwa nguvu, yeye aliikanyaga akiwa mtu mzima. Akakaa, akahubiri, akaanza kutafsiri sehemu za Agano Jipya kwa Kiigbo. Biblia kamili ilikuja kuchapishwa mwaka 1913.

Nikisoma habari hii nawakumbuka wa pwani yetu. CMS, chama cha wamisionari wa Kianglikana kilichomtuma Taylor, ndicho kilichoanzisha makazi ya Freretown kule Mombasa mwaka 1875 kwa ajili ya watumwa waliokombolewa. Mapadre Wakatoliki wa shirika la Roho Mtakatifu waliofika Onitsha mwaka 1885 walikuwa wameshaanza kazi Bagamoyo tangu 1868, wakilea watoto waliotolewa utumwani. Ni damu ileile ya waliouzwa, huku na huko. Tunakosea sana tunaposimulia misheni kana kwamba ni habari ya Wazungu peke yao.

Jambo moja bado linaniuma. Crowther aliwekwa wakfu kuwa askofu mwaka 1864, Mwafrika wa kwanza katika Kanisa la Anglikana. Uzeeni mwake wakaja vijana kutoka Uingereza, wakawasimamisha watumishi wake Waafrika, naye mwaka 1890 akajiuzulu katika kamati ya misheni ya Niger, ileile aliyoianzisha. Alifariki Lagos tarehe 31 Desemba 1891. Mkesha wa mwaka mpya nitamwombea, na nawaomba nanyi mmkumbuke.

Mlioko safarini, Mungu awafikishe salama. Mkifika, wasalimieni wazee, muwaulize babu zao walitoka wapi, na majina mtakayoambiwa myaandike. Na ninyi mliokosa nauli au ruhusa ya kazi mwaka huu, karibuni kwetu. Pilau itakuwepo, na nafasi kwenye mkeka ipo.