Kwa Mama Nasra, kabla hamjafunga mizigo kuja Lexington

Lexington, Kentucky
9 Machi 2026

Mpendwa Mama Nasra,

Salaam nyingi kwako, kwa Baba Nasra na kwa watoto. Barua yako imefika na hesabu yako nimeiona: huko Silver Spring, Maryland, mnalipa dola 2,300 kwa vyumba viwili, huku mmeambiwa 1,350, basi 950 zinabaki mfukoni kila mwezi. Hesabu hiyo ni ya kweli, ila ni nusu. Nusu ya pili ni gari, na siku sitini za mwanzo ambazo pesa inatoka tu, haiingii.

Kabla sijaendelea tukubaliane neno moja. Kiswahili chetu kinaita "kodi" ile ya nyumba na ile ya serikali pia, na barua ya bajeti ikichanganya hizo mbili ni balaa. Humu nikisema pango ni la nyumba, nikisema kodi ni ya serikali.

Tuanze na mshahara. Chukulia Baba Nasra amepata kazi ya ghala kwa dola 20 kwa saa. Saa 40 kwa wiki, mara wiki 52, gawa kwa 12, unapata 3,467 kwa mwezi. Social Security na Medicare, yaani makato ya pensheni na matibabu ya uzeeni, zinachukua 7.65%, yaani 265. Kodi ya jimbo la Kentucky ilishuka kutoka 4% hadi 3.5% tangu 1 Januari mwaka huu, weka 110. Halafu kuna ile inayowashtua wageni wakiona cheki ya kwanza: jiji la Lexington linakata 2.25% ya mshahara ghafi, na mkazi wa kaunti ya Fayette, ndiyo kaunti ya Lexington hii, anakatwa 0.5% nyingine ya shule. Hizo ni 95. Hazijali ndoa wala idadi ya watoto, zinaanza kwenye dola ya kwanza. Kinachobaki ni kama 2,995. Kodi ya serikali kuu, kwa mke na mume wenye watoto wawili na mshahara huo mmoja, inaweza kufutika yote kwa nafuu ya watoto, lakini ajaze W-4, fomu ya makato ya kodi, vizuri siku ya kwanza kazini, vinginevyo watakata kama vile ni kapera na mtasubiri mrejesho hadi mwakani. Wala msiichukie sana ile ya jiji. Huko kwenu, kaunti ya Montgomery, tayari mnakatwa 3.2% ya kaunti juu ya kodi ya jimbo la Maryland.

Sasa, meneja wa apatimenti haangalii hizo 2,995. Anaangalia ghafi, na wengi wanataka iwe mara tatu ya pango. Mara tatu ya 1,350 ni 4,050, na mshahara mmoja wa dola 20 haufiki hapo. Familia nyingi hukwama hapa huku pesa taslimu wanazo. Dawa yake ni barua za ajira mbili, yako na yake, kabla ya kuomba nyumba. Barua iwe na jina la mwajiri, malipo kwa saa, idadi ya saa kwa wiki na tarehe ya kuanza. Ile iliyoandikwa "dola 20 kwa saa" bila idadi ya saa hurudishwa, kwa sababu haimwambii mtu unapata kiasi gani kwa mwezi. Ukipata hata 18 kwa saa, ninyi wawili mnafika zaidi ya 6,500 ghafi na swali linakwisha. Kama barua ni moja tu, uliza kwa simu kama wanakubali mdhamini au dhamana kubwa zaidi, ile pesa anayoshika mwenye nyumba hadi mhame, na uulize kabla ya kulipa ada ya maombi. Ada hiyo, ambayo mara nyingi ni kama 50 kwa kila mtu mzima, hairudi hata ukikataliwa. Na sheria ya Kentucky haikuweka kikomo cha dhamana, kwa hiyo wasiokuwa na historia nzuri ya mikopo huweza kuombwa miezi miwili.

Nyumba zenyewe mtazitafuta mkiwa mbali, na matapeli wanalijua hilo. Mtindo wao ni mmoja: picha nzuri, pango la chini kuliko majirani, mwenye nyumba "yuko safarini", tuma dhamana kwa simu, ufunguo utakuja kwa posta. Fayette ina ofisi ya PVA, ile inayothamini nyumba kwa ajili ya kodi, na tovuti yake inaonyesha mmiliki ukiandika anwani. Jina la anayetaka pesa zako lisipofanana na la mmiliki wala la kampuni inayosimamia jengo, achana naye. Fanya hivyo kwa kila nyumba, hata iliyoletwa na mtu wa msikitini.

Siku ya kupokea ufunguo usiwe na haraka. Hapa Lexington sheria inamtaka mwenye nyumba akupe orodha ya kasoro zilizopo kabla hajachukua dhamana yako, na dhamana aiweke kwenye akaunti ya benki ya peke yake. Orodha hiyo ndiyo pesa yako siku ya kuondoka. Pita nayo chumba kwa chumba. Fungua bomba la maji moto na uhesabu yanachukua muda gani kupata joto. Chuchumaa ufungue kabati chini ya sinki, weka kiganja kwenye sakafu yake: ubao ukiwa umevimba au laini, maji yanavuja hata kama leo ni pakavu. Washa majiko yote manne. Vuta kichujio cha hewa cha hita, kikiwa cheusi jua hakijabadilishwa siku nyingi na bili itapanda. Kila ulichoona kiandikwe, ndipo utie saini. Picha piga, lakini picha bila kuandikwa kwenye ile orodha hazina nguvu sana.

Uliza pia hita ni ya gesi au ya umeme. Ya umeme mtupu, Januari inauma. Usikubali "wastani wa mwaka", ulizia bili ya Januari. Umeme hapa ni Kentucky Utilities, gesi ni Columbia Gas, maji ni Kentucky American Water. Mkipanga nyumba ya peke yake kuna na bili ya LexServ ya maji taka na taka. Apatimenti nyingi hugawa bili ya maji kwa wapangaji, kwa hiyo 1,350 ya tangazo inaweza kuwa 1,430 ya mkataba.

Ukaribu wa kazi una thamani kuliko zulia jipya. Barabara za mji huu zimetoka katikati kama tindi za gurudumu: Nicholasville, Richmond, Versailles (wenyeji wanatamka "Vaseilz", ukitamka Kifaransa watakuangalia), na New Circle inazizunguka. Basi za Lextran nyingi zinapita kituo cha Vine Street katikati ya mji. Ukikaa Versailles Road na kazi iko Hamburg, upande wa mashariki, utaingia mjini, ubadilishe basi, ndipo utoke tena. Na Lextran haifiki Georgetown, kilipo kiwanda cha Toyota na makampuni yanayokihudumia. Ndiyo maana nasema gari. Kule mlizoea treni na gari moja; huku zamu zenu zikigongana, gari moja halitoshi. Ila la pili msilinunue mwezi wa kwanza. Mkopo wa gari bila cheki za mishahara ya huku huja na riba ya kukomoa. Tafuteni nyumba ambayo angalau mmoja wenu anafika kazini kwa basi moja bila kubadilisha, vumilieni miezi mitatu.

Tarehe ya kuhama iamuliwe na mambo mawili. Shule za Fayette hufunguliwa katikati ya Agosti, mapema kuliko zenu, kwa hiyo mkihama mwisho wa Agosti watoto watakuta wenzao wameshaanza. Na Chuo Kikuu cha Kentucky kinajaza mji wanafunzi mwezi huohuo; mwisho wa Julai hadi katikati ya Agosti malori na nyumba vyote vinagombaniwa. Mimi ningelenga Julai 7 hadi 16, siku ya Jumanne au Jumatano. Someni mkataba wa huko sasa hivi, maana mingi inataka taarifa ya siku 60, na msihesabu dhamana yenu ya Silver Spring kwenye pesa ya safari. Sheria ya Maryland inampa mwenye nyumba siku 45 za kuirudisha.

Lori la kukodi, ambalo sote tunaliita U-Haul hata likiwa la kampuni nyingine, chukueni la futi 15 au 16. Linatosha vyumba viwili kama sofa ni moja. Njia ni barabara kuu ya I-270, kisha I-70, I-68 hadi Morgantown, I-79 hadi Charleston, halafu I-64 hadi huku: kama maili 540, haina malipo ya barabara. GPS ikiwapeleka upande wa Beckley mtakuta vituo vya kulipia. Gari dogo huchukua saa tisa, lori lililojaa weka kumi na moja. Linakunywa galoni moja kwa maili kumi hivi, galoni 54, basi tenga 200 za mafuta. Shida ya I-68 ni milima, pande zote mbili za mji wa Cumberland. Kwenye mteremko mrefu teremsha gia na uiache injini izuie. Anayekanyaga breki mfululizo huzichemsha, na breki zilizochemka hazishiki. Mzigo mzito, friza na mashine ya kufulia, ukae mbele kabisa nyuma ya dereva, ufungwe kamba. Ukikaa nyuma, lori linakuwa jepesi usukani na linayumba.

Gari lenu likifika, bima ibadilishwe iwe ya Kentucky kwanza, kabla ya kitu chochote. Ya Maryland inaweza kuwa na fidia ya 15,000 tu kwa mali ya mtu mwingine, Kentucky inataka 25,000, pamoja na ile ya 10,000 ya matibabu yenu wenyewe. Halafu ukaguzi wa sherifu: anasoma namba ya chesisi na maili zilizotembea, analinganisha na hati, anasaini, kazi imekwisha. Baada ya hapo ndipo kwa Karani wa Kaunti kuchukua namba mpya, ndani ya siku 15. Hapo kuna kodi ya 6% ya thamani ya gari. Kwa gari la 12,000 ni 720. Mkionyesha uthibitisho kwamba mlilipa kodi ya gari Maryland, inahesabiwa na mnaweza kusalimika. Basi tafuteni ile karatasi leo, msingoje iwe ndani ya boksi namba 31. Leseni mna siku 30. Kama hamjaapa uraia, fomu AR-11 ya kubadilisha anwani iende ndani ya siku 10, kwa kila mmoja, watoto wakiwemo.

Afya: kama watoto wako kwenye Medicaid ya Maryland, bima ya serikali kwa wenye kipato kidogo, haivuki mpaka. Ombeni upya kupitia kynect, tovuti ya jimbo la Kentucky, mkishapata anwani. Kama mnajinunulia bima kwenye soko la bima la serikali, kuhama kunawafungulia dirisha la siku 60, likipita mnangoja msimu wa kujiandikisha.

Sasa jumla, niandike kama ningekuwa ninyi. Lori na bima yake 1,100. Mafuta 200. Usiku mmoja wa moteli njiani 120. Ada za maombi 100. Pango la kwanza na dhamana 2,700. Dhamana za umeme na gesi 200. Namba za gari na leseni 150. Malipo ya kwanza ya bima ya gari 300. Vitu vya ndani na chakula cha kuanzia 500. Hiyo ni 5,370. Maisha ya mwezi mmoja ni 2,950: pango 1,350, umeme 150, maji 60, intaneti 60, simu 80, chakula 800, mafuta 200, bima ya gari 250. Mkiwa na barua za ajira zenye tarehe, bebeni mwezi mmoja, ambao pango lake limeshalipwa juu: jumla inafika 7,000. Mkija mkitafuta kazi, bebeni miezi miwili, na hiyo ni 10,000. Chini ya hapo msiondoke, ahirisheni hadi Oktoba. Lori ni rahisi zaidi na wanafunzi wameshatulia. Kitu kimoja sikukitia: bima ya afya ya kazini, kwa sababu inatofautiana mno. Ulizeni kila mwajiri anakata kiasi gani kwa familia, kabla ya kukubali hiyo 20.

Ya upweke usiogope. Ukitoka dukani baada ya Kiingereza na Kihispania utasikia Kiswahili, kile cha Uvira na Bukavu, "mutoto" na "muzuri". Nasra atarudi nacho nyumbani ndani ya mwezi.

Kwa Nasra kuna jambo haliwezi kungoja. Kentucky inadai chanjo mbili za homa ya ini aina A kwa mwanafunzi, Maryland haiidai, na kati ya ya kwanza na ya pili lazima ipite miezi sita. Kama hajachomwa hata moja, achomwe wiki hii, ili shule iweze kumpokea kwa cheti cha muda hadi ya pili itakapotimia. Angalia kadi yake usiku huuhuu uniandikie ina ngapi, na ya mdogo wake pia.

Wako,
Mama Karim