Kabla ya kuchagua rangi ya katoni yako

Mteja akiingia kwenye atelie yetu ya katoni hapa Goma, kwanza anataka kujua nembo itakaa wapi na rangi itang'aa kiasi gani. Sisi tunamuuliza: mzigo unaenda wapi, na nani ataubeba?

Maana katoni ya asali ya kuuzia Birere, mtaa wa hapahapa Goma, siyo ile ya asali inayokwenda Bukavu, ng'ambo ya Ziwa Kivu. Hii ya pili inapanda chukudu, ile skuta ya mbao ya kubebea mizigo, inarukarukia mawe ya volkano mpaka bandarini, halafu inalala kwenye boti huku nyingine sita zimepangwa juu yake. Chupa 12 zikiwa na kilo 9, ile ya chini kabisa, maskini, imebebeshwa kilo 54. Sisi hesabu tunaipigia hiyo.

Chana kipande cha katoni utazame ndani: kuna karatasi iliyokunjwa mawimbi. Mifereji yake lazima isimame wima. Ikilala, ukuta unajikunja mapema hata katoni ikiwa nene. Nguvu nyingi iko kwenye pembe nne, kwa hiyo pangeni pembe juu ya pembe. Kupishanisha kama matofali kunazuia rundo lisianguke, lakini kunazimaliza katoni zenyewe.

Na tafadhali, usiagize katoni kubwa eti itafaa kwa kila kitu. Chupa ikipata nafasi ya kucheza, itagonga mwenzake. Tunaweka vigawanyo virefu kupita vizibo kidogo, ili navyo visaidie kubeba uzito. Kahawa ni kinyume: ikiwa imekaangwa juzijuzi bado inatoa gesi, pakiti zinavimba, basi huko tunaacha nafasi.

Adui mkubwa ni unyevu. Katoni inaunywa na kulegea kabla hujaona doa lolote, hasa ikiwekwa moja kwa moja kwenye simenti, itandikie mbao. Katoni za biskuti zilizokwisha kutumika ni za bei rahisi, na kwa soko la jirani hatuna ugomvi nazo. Kwa boti, hapana. Mikunjo yake imeshachoka.

Ukija kuagiza, leta bidhaa ikiwa imejaa, siyo chupa tupu. Tutatengeneza katoni moja ya majaribio na kuiangusha mbele yako kutoka kimo cha meza: kwa pembe, kwa ubavu, kwa kitako. Ongeza chupa mbili tatu za akiba, sakafu yetu haina huruma.