Mama Kulwa, kuhusu ile nyumba ya Buswelu

Mwangaluka mayu! Meseji yako niliisoma kwenye daladala nikaona hii haijibiwi kwa mistari miwili, ngoja nikuandikie vizuri.

Kwanza hongera kwa kiwanja cha Usagara, ulivumilia mpaka daraja la Kigongo–Busisi likafunguliwa ndo ukauza. Sasa una milioni 80, nyumba inauzwa hiyo hiyo 80, na baba Kulwa anasema mtoe 20 tu, 60 akope benki kwa mshahara wake ili hela zingine ziingie kwenye biashara yako ya dagaa. Kwa maneno inapendeza kweli. Ila nimekaa na simu nikapiga hesabu.

Milioni 60, riba asilimia 16 kwa mwaka kama mlivyoambiwa, miaka 15: marejesho ni kama laki 8 na elfu 81 kila mwezi. Na mwezi wa kwanza laki 8 yote ni riba, deni lenyewe linapungua elfu 81 tu, yaani elfu 81 mayu! Mpaka mnamaliza mmelipa milioni 158 na ushee, hapo ile 20 ya mwanzo sijaigusa. Shemeji yako wa Marekani anawaambia kopeni tu, kwao 2021 watu walipata mkopo wa nyumba wa miaka 30 kwa riba isiyofika hata asilimia 3 na haibadiliki mpaka mwisho, so yuko sahihi, kwa huko kwao.

Najua utaniambia dagaa wanaingiza zaidi ya hiyo 16. Kuna vipindi ni kweli sikatai. Lakini si wewe uliyenifundisha kwamba mbalamwezi ikiwaka taa za wavuvi hazivuti kitu, mitumbwi inalala, na pale Kirumba Mwaloni mnabaki kupiga soga? Mshahara ukishakatwa laki 8 nyumbani mtakula hela ya dagaa, na wiki hizo je? Alafu nyumba ndo dhamana, kwa hiyo na wewe utaitwa kusaini ridhaa kama mke, usikubali kuambiwa eti ni mambo ya mshahara wake.

Ila sasa usinielewe vibaya ukaenda kumwaga 80 yote keshi. Tena kwa nyumba ile! Siku ile dalali kapanda juu ya lile jiwe la uani anatuonyesha ziwa "lile paleee", mimi nikawa nazunguka nyuma natafuta shimo la choo. Liko nje ya bikoni mama, yale mawe ya mpaka wa kiwanja, upande wa jirani, maana ndani jiwe limekula nafasi yote wakashindwa kuchimba. Jirani akiamka vibaya siku moja mnajisaidia wapi? Na kupasua jiwe kama lile unajua bei yake.

Mimi ningechukua ile ya Buhongwa ya milioni 52. Haina dari, haina tailizi, lakini imeezekwa na mnaweza kuhamia mkamalizia mdogo mdogo, alafu 28 inabaki, sehemu iende kwenye dagaa na nyingine usiiguse. Ile ya Luchelele ya bei chee achana nayo, iko karibu mno na maji, sheria ya mazingira ya 2004 inataka mita 60 kutoka ziwani, siku wakija na alama ya X ya kubomoa hutakuwa na wa kumlilia.

Kitu kimoja benki wanafanya vizuri ni kukagua, hawatoi hela bila kuchungulia hati na kuleta mthamini. Wewe wa keshi hakuna anayekukagulia, kwa hiyo nenda ofisi ya ardhi ufanye upekuzi uone hati ni ya nani na kama kuna mkopo juu yake, chukua mpima akuonyeshe bikoni zote kwa macho, na mke wa muuzaji aje mwenyewe asaini mbele ya wakili. Muhuri wa mwenyekiti wa mtaa peke yake hautoshi. Hela ipite benki, usibebe kwenye kikapu. Na kodi ya ongezeko la mtaji, ile ya faida anayopata mtu akiuza, ni ya muuzaji, dalali akianza kuizungusha ije kwako mkatalie.

Jumamosi niko free, tupitie Buhongwa na yule fundi wangu aguseguse kuta. Na tafadhali dalali asijue una 80, mwambie mnasubiri mkopo, 52 itashuka yenyewe.

Msalimie baba Kulwa, ila usimsomee yote haya.

Mama Shija