Kabla hujaingia studio: wimbo huo utakuwa wa nani?

Mwaka jana mwimbaji mmoja wa ohangla, muziki wa Waluo, aliingia ofisini kwetu sisi mawakili hapa Kisumu akiwa na flashi diski mkononi na uchungu mwingi moyoni. (Tumebadili mambo machache asijulikane.) Mfanyabiashara fulani alimwomba amtungie wimbo wa kufungulia hoteli yake. Akalipia studio, akawalipa wapiga vyombo, na mwimbaji akapewa bahasha. Hakuna kilichoandikwa. Wimbo ukapendwa kuanzia Kondele hadi Siaya, redio zikaupiga, watu wakauweka uwe mlio wa simu. Pesa zilipoanza kuingia, mwenye hoteli akasema wimbo ni wake.

"Wakili," alituuliza, "maneno ni yangu, sauti ni yangu. Yeye ana nini hapo?"

Jibu lilimuuma, na hata sisi halikuwa rahisi kulitamka. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001, kifungu cha 31, inasema hakimiliki huanza kwa mtunzi, lakini mtu akiagiza kazi, hakimiliki huhesabiwa kuwa imehamia kwake, isipokuwa kama walikubaliana vingine. Rekodi nayo ina hesabu yake. Mwenye rekodi kisheria ni yule aliyefanya mipango ya kurekodi, na huenda hata hajui kuimba. Aliyelipia studio na kuwakusanya wapiga vyombo ana hoja nzito.

Lakini neno kubwa hapo ni kuagiza, na ndilo tulilolishikilia. Kwetu huku watu wanatuzana. Mwimbaji akitaja jina lako jukwaani, unainuka na noti unamtunza, na kesho huwezi kudai wimbo kwa sababu ya noti hizo. Kuagiza ni kusema, "Nitungie wimbo wa jambo fulani, nitakulipa." Mpaka kati ya hayo mawili mara nyingi umo ndani ya simu: jumbe za WhatsApp, malipo ya M-Pesa, sauti zilizotumwa usiku. Kwa hiyo usifute chochote. Kesi ya mteja wetu iliishia mezani, si kortini, kwa sababu jumbe zilionyesha kwamba nusu ya wimbo ilikuwa imetungwa kabla hata hoteli haijatajwa. Waliandikiana mkataba na kila mmoja akapata sehemu yake.

Sheria hiyohiyo inakulinda pia. Produsa akisema ulimuuzia wimbo kwa mdomo, mauzo hayo hayana nguvu: kuhamisha hakimiliki lazima kuandikwe na anayehamisha atie sahihi. Ndiyo maana tunawasihi vijana wa Nakuru na Kakamega wanaorekodi kila wikendi wasisaini karatasi ya studio kabla hawajaisoma hadi mwisho. Tumeona karatasi ya ukurasa mmoja, mistari 6 tu, imebeba nyimbo za albamu nzima. Kama produsa ndiye aliyetunga biti, anastahili fungu lake; liandikwe kwa asilimia siku hiyohiyo, mkiwa bado marafiki.

Tunasisitiza hivi kwa sababu pesa humfuata mwenye haki. Chukua milio ya Skiza, huduma ya Safaricom ambayo anayekupigia simu husikia wimbo akingoja upokee. Marekebisho ya sheria ya 2022 yaliweka kwamba mapato ya mlio wa simu yagawanywe hivi: msanii au mwenye hakimiliki asipate chini ya asilimia 52, kampuni ya simu asilimia 39.5, na kampuni inayosimamia huduma hiyo katikati asilimia 8.5. Mgao ni mzuri. Lakini ukisoma "au mwenye hakimiliki" unaona mara moja kwa nini swali la nani mwenye wimbo haliwezi kungoja.

Wapo pia wajane na watoto wa wanamuziki wa benga, na hao tungependa waje wengi zaidi. Hakimiliki ya utunzi haizikwi na mtunzi. Inaendelea kwa miaka 50 baada ya mwisho wa mwaka aliofariki. Baba aliyefariki 1990 ameacha mali itakayodumu hadi mwisho wa 2040, nayo hurithiwa kama shamba. Familia nyingi zimegawana ng'ombe na ploti bila kutaja nyimbo hata moja, huku nyimbo hizo zinapigwa redioni kila Jumapili.

Kwa wenye redio ndogo na mikahawa tuna neno moja. Leseni ya utangazaji na masafa kutoka Mamlaka ya Mawasiliano haikupi ruhusa ya muziki. Hiyo hutolewa na wenye haki au vyama vinavyowakusanyia mirabaha, yaani malipo ya kutumiwa kwa nyimbo zao. Mkahawa nao unahitaji ruhusa ya kupigia wateja muziki, hata kama ulinunua nyimbo zenyewe. Mtu akija kudai ada, omba kwanza kuona kibali chake kutoka Bodi ya Hakimiliki, kisha lipa upewe risiti.

Ukija kwetu, njoo na karatasi yoyote uliyosaini, nakala ya kwanza ya wimbo hata kama ni sauti ya simu, jumbe na rekodi za malipo, na majina ya wote waliokuwepo siku ya kurekodi. Kwa mirathi, ongeza cheti cha kifo na orodha ya nyimbo zote unazozikumbuka, hata zile ambazo kanda zake zimepotea.